AfricanLII kwa sisi tusio wanasheria: hukumu za Afrika Mashariki zipo bure, je zinaeleweka?

Niseme mapema, nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki nitaeleza imepotelea wapi. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye hajasoma sheria wala siasa za kikanda, yaani mfanyabiashara, mwandishi wa habari wa mikoani, mwalimu wa uraia, kijana wa chuo anayesoma kitu kingine kabisa, yule anayesikia redioni kwamba "Jumuiya ya Afrika Mashariki imeamua" halafu hajui imeamua wapi, imeamua nini na yeye inamgusa vipi. Mwanasheria hahitaji maoni yangu, ana njia zake za kupata anachotaka.

AfricanLII ni maktaba ya sheria ya mtandaoni. Bure kabisa, hujisajili, hulipii. Ndani yake kuna hukumu za mahakama za kikanda za bara hili: Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ambayo nayo iko Arusha, ile ya ECOWAS ya Afrika Magharibi, ya COMESA, yaani soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, hadi yale maamuzi ya iliyokuwa mahakama ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Kuna na nyaraka za Umoja wa Afrika humo humo. Halafu ina ndugu zake wa kila nchi kama TanzLII kwa Tanzania na ULII kwa Uganda, kwa hiyo ukitaka kuona sheria ya nyumbani inasemaje kuhusu jambo lile lile unahamia huko na kazi inaendelea.

Kwenye simu inasomeka vizuri tu. Hukumu zimepangwa kwa mwaka, PDF unapakua na kuihifadhi usome baadaye ukiwa huna bando, na sehemu ya kusachi inafanya kazi. Ushauri wangu hapo: usisachi kwa swali refu, weka jina la mlalamikaji, au jina la sheria inayolalamikiwa, au neno moja zito. Mashauri ya Mahakama ya Afrika Mashariki karibu yote upande wa mlalamikiwa kuna Mwanasheria Mkuu wa nchi fulani au Katibu Mkuu wa Jumuiya, kwa hiyo ukisachi kwa upande huo utaletewa lundo.

Sasa tuingie ndani, maana bila kufungua hukumu yenyewe haya yote ni maneno tu. Chukua kesi ya Mohochi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda, shauri namba 5 la 2011. Samuel Mohochi ni wakili Mkenya, tarehe 13 Aprili 2011 alitua Entebbe akiwa kwenye msafara wa wenzake waliokuwa wanaenda kuonana na Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake wakapita, yeye akazuiwa uwanjani, hakuambiwa kosa lake ni nini, na siku hiyo hiyo akapandishwa ndege kurudishwa Nairobi. Akaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Tarehe 17 Mei 2013 mahakama ikasema Uganda imekiuka Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano ya watu na bidhaa kuvuka mipaka ya nchi wanachama, na kwamba nchi ikishasaini hayo mambo haiwezi tena kujificha nyuma ya kusema "sisi ni taifa huru tunamkataa tunayemtaka" bila kumpa raia wa nchi mwanachama sababu wala nafasi ya kujieleza. Hii inamhusu kila mtu anayepanda basi kuvuka mpaka! Si habari ya wakili na ndege tu. Lakini ukiifungua vile ilivyo, unakutana kwanza na kurasa za majina ya mawakili, historia ya maombi, nani aliwasilisha nini lini, mabishano ya kama mahakama ina mamlaka ya kusikiliza, vifungu juu ya vifungu, na mtu wa kawaida atafunga simu kabla hajafika kwenye utamu wenyewe.

Kwa hiyo jinsi ya kuisoma, kwa mtu asiye na muda: soma aya chache za mwanzo zinazoeleza kilichotokea, halafu ruka hadi pale majaji wanapoorodhesha hoja zinazobishaniwa, kwa kawaida ni chache na zimepewa namba, halafu nenda mwisho kabisa kwenye amri. Ukishajua kilichoulizwa na kilichoamriwa, ndipo unarudi katikati kutafuta kwa nini, na katikati hapo usione aibu kuruka nukuu ndefu za kesi za nchi nyingine. Ukisoma kwa mpangilio huo hukumu ndefu inakuwa kitu cha jioni moja, na unaelewa zaidi ya mtu aliyesoma kichwa cha habari gazetini.

Nyingine tamu kwa wafanyabiashara ni ya kampuni ya sigara ya BAT dhidi ya Uganda, iliyoamuliwa tarehe 26 Machi 2019. Uganda ilibadilisha sheria yake ya ushuru wa bidhaa mwaka 2017, sigara zilizotengenezwa ndani zikatozwa kidogo, na zinazotoka nje zikatozwa zaidi, na hapo kwenye "nje" wakaingizwa hata wazalishaji wa nchi wanachama. BAT ilikuwa inaleta zake kutoka Kenya. Mahakama ikasema hapana, bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya huwezi kuibagua kwa ushuru kana kwamba imetoka bara lingine, ukifanya hivyo umevunja Mkataba na itifaki za Umoja wa Forodha na Soko la Pamoja. Mimi sivuti na sina huruma na kampuni za sigara, ila weka maziwa au sabuni mahali pa sigara uone uzito wa uamuzi huo kwa kiwanda kidogo cha Mbeya au Nakuru kinachotaka kuuza ng'ambo ya mpaka.

Na hapa ndipo maktaba inapoishia na swali la mtu linapoanza. Nilimsimulia hiyo kesi dada mmoja anayefanya biashara ya nafaka pale Namanga, akanisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Sasa kaka yangu, hiyo hukumu inanisaidia nini mimi na magunia yangu?" Swali la haki kabisa. Nikamwambia, "Dada, kwako la kwanza si hukumu, ni kile cheti rahisi cha uasili wa bidhaa." Maana Jumuiya ina utaratibu kwa wafanyabiashara wadogo, mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa ni bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama na iko kwenye orodha iliyokubaliwa, unapata cheti hicho pale pale mpakani na hulipi ushuru wa forodha. Mambo mengine kama ukaguzi wa afya ya mimea yanabaki, hayo usiyasahau. Alikuwa hajawahi kuelezwa kwa utulivu na mtu yeyote. Taarifa hiyo si siri, imeandikwa kwenye nyaraka za Jumuiya, tafiti za wasomi kuhusu wanawake wa mipakani zinaitaja mara kwa mara, lakini imezungukwa na maneno mazito kiasi kwamba aliyekusudiwa haifiki. Na AfricanLII kwa asili yake haiwezi kumjibu dada huyu, kwa sababu hiyo ni maktaba ya hukumu na sheria, haianzi na swali lake. Silaumu. Nasema tu mtu ajue anaingia kutafuta nini.

Kuna kitu kingine kimoja ambacho kingetakiwa kiandikwe kwa wino mwekundu mahali kila raia anapita: miezi miwili. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mtu yeyote anayeishi ndani ya nchi mwanachama kupeleka shauri Arusha moja kwa moja, hata bila kumaliza ngazi zote za mahakama za nchini kwake, jambo ambalo ni nadra sana na ni zuri mno. Lakini lazima ufanye hivyo ndani ya miezi miwili tangu kitendo kifanyike au tangu ulipokijua. Na mahakama haina mzaha na hilo. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa kiliitupa kesi ya IMLU, shirika la Kenya linalotetea waathirika wa mateso, dhidi ya Kenya, iliyohusu mateso na mauaji ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, sababu ikiwa ni muda, majaji wakakataa ile hoja ya kwamba ukiukaji unaendelea kwa hiyo saa haijaanza kuhesabu. Fikiria ukubwa wa jambo lenyewe, watu waliumizwa, halafu mlango ukafungwa na kalenda. Wasomi wameandika mengi kuukosoa uamuzi huo, makala ndefu zenye tanbihi nyingi, na nyingi ziko kwenye majarida ambayo ukibofya tu unaombwa ulipe. Raia ambaye miezi yake miwili inahesabika leo hazioni.

Ndiyo maana nasema kupatikana bure ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mtu kukaa chini na kutafsiri maana, na sizungumzii tafsiri ya neno kwa neno. Mfano mzuri ni hiki kitu ambacho watafiti wa mtangamano, yaani nchi kuungana kikanda, wanakiita jiometri badilifu. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni hesabu ya darasani. Kumbe maana yake ni nyepesi tu, nchi zilizo tayari zianze, nyingine zifuate kwa kasi yao, na kimo ndani ya Mkataba, Ibara ya 7. Serikali zenyewe zilichanganyikiwa kama hilo halipingani na kanuni ya kuamua kwa makubaliano ya wote, wakaiomba mahakama ushauri, na mwaka 2009 ikawajibu kwamba makubaliano ni njia ya kufikia uamuzi, wakati kasi tofauti ni mkakati wa kuutekeleza, kwa hiyo havigongani. Ushauri huo upo, unasomwa bure.

Sasa beba hiyo kauli uangalie siasa. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda walianza kukutana wenyewe na kusukuma miradi ya reli na visa moja ya utalii, Tanzania na Burundi hawamo, na Dodoma bungeni kukawaka moto, watu wakasema tunatengwa. Miaka ikapita, mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya ukakwama kwa sababu nchi hazikukubaliana kusaini kwa pamoja, mwisho Kenya ikasaini peke yake Desemba 2023 na ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Mambo mawili yanayoonekana kuwa mbali, yote yanazunguka kanuni ile ile moja. Mtu akishaielewa kwa Kiswahili cha kawaida, habari zote za Jumuiya anazisikia kwa sikio jingine, anajua kuuliza "je hili linahitaji wote au walio tayari tu?" badala ya kubishana kwa hisia. Na kwa Jumuiya ya sasa yenye nchi nane, baada ya Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia kukamilisha taratibu zake Machi 2024, swali hilo halitaondoka leo wala kesho.

Nyota iliyopotea imepotelea hasa hapa: hukumu peke yake haikuambii kilichofuata. Soma shauri namba 1 la 2006, la Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake kuhusu jinsi Kenya ilivyowapata wabunge wake wa Bunge la Afrika Mashariki. Novemba 2006 mahakama ikazuia wasiapishwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba kilichofanyika hakikuwa uchaguzi kama Mkataba unavyotaka. Ukiishia hapo unaona ushindi mtupu. Ila katikati ya tarehe hizo mbili, Desemba 2006, wakuu wa nchi wakaubadilisha Mkataba haraka haraka, mahakama ikagawanywa kuwa na kitengo cha awali na cha rufaa, yakaongezwa masharti mapya ya kuondoa majaji, na ule ukomo wa miezi miwili niliousema juu ndipo ulipoingizwa. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kikashtaki, mahakama ikakubali kwamba kubadilisha Mkataba bila kuwashirikisha wananchi kulikwenda kinyume na roho yake, lakini mabadiliko yakabaki. Yaani kesi ya mlima Elgon kufungiwa mlango mwaka 2012 ina mzizi kwenye ugomvi wa wabunge wa 2006! Hilo huwezi kuliona kwenye hukumu moja, linaonekana ukizisoma tatu kwa pamoja na kujua siasa ya wakati huo, na hiyo ndiyo kazi ya mtafiti, kuunganisha. Mtafiti anayeifanya hiyo kazi kwa lugha ambayo wenzake kumi tu ndio wanaielewa ananyima watu haki yao.

Kwa SADC ni mbaya zaidi. Unakuta humo uamuzi wa Novemba 2008 wa Campbell dhidi ya Zimbabwe kuhusu kunyang'anywa mashamba, uamuzi uliosimama vizuri kisheria, na mgeni anaweza kudhani mahakama hiyo bado ipo inasikiliza watu. Haipo kwa maana hiyo. Mwaka 2010 wakuu wa nchi waliisimamisha na baadaye wakaandika itifaki mpya inayoruhusu nchi dhidi ya nchi tu, raia wakatolewa nje. Msomaji mpya anahitaji mtu wa kumwambia hivyo kabla hajajaza matumaini.

Wenzetu wa Ulaya wana EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya, ambayo ukiacha sheria zenyewe kwa lugha zao rasmi 24, ina na mihtasari ya sheria kwa lugha nyepesi, kila muhtasari unaeleza sheria inakusudia nini, mambo makuu ni yapi na imeanza lini kutumika. Si kwamba kila Mzungu anasoma, ila anayetaka anapata mahali pa kuanzia kwa lugha ya mama yake. Sisi tuna lugha moja inayosikika kutoka Mombasa hadi Bukavu, Mkataba tangu mwanzo unaitaja kuwa ya mawasiliano mapana ya Jumuiya, mwaka 2021 wakuu wa nchi wakaamua iwe lugha rasmi pamoja na Kifaransa, lakini hukumu za Arusha zinaandikwa Kiingereza. Ukurasa mmoja wa Kiswahili juu ya kila hukumu ungebadilisha mambo mengi sana, na sidhani ni kazi ya kuisubiri serikali. Vyuo vyetu vina idara za sheria, idara za siasa na idara za Kiswahili kwenye kampasi moja, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanatafuta mada za kuandikia. Wapewe hukumu moja moja.

Ukurasa huo uwe na nini? Nani alimshtaki nani na kwa nini, kwa sentensi mbili. Mahakama imeombwa ifanye nini na imeamua nini. Kisha kilichotokea baadaye, serikali ilitii au haikutii, sheria ilibadilika au bado. Na mwisho, kwa mtu wa kawaida, ni hatua gani anaweza kuchukua na ndani ya muda gani. Weka na namba ya aya kila unaposema "mahakama ilisema", ili anayetaka ahakikishe mwenyewe. Hili la namba ya aya nalisisitiza kwa sababu siku hizi watu wanabandika PDF nzima kwenye akili mnemba na kusambaza majibu kwenye magrupu bila kufungua hukumu, na kwenye sheria kosa la neno moja, "imependekeza" badala ya "imeamuru", linageuza kila kitu. Tumia hiyo mitambo ukipenda, ila fungua aya.

Kwa anayeanza leo, anza na Mohochi kwa sababu kisa chake kinashika, halafu BAT, halafu ingia ile ya Baraza la Habari Tanzania dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Tanzania ya tarehe 28 Machi 2019, ambapo vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vilionekana kwenda kinyume na Mkataba. Ukimaliza hiyo, hamia TanzLII utafute marekebisho ya sheria hiyo yaliyopitishwa mwaka 2023, weka hukumu upande mmoja na marekebisho upande mwingine, kisha pitia kifungu kwa kifungu uone kipi kimeguswa na kipi kimeachwa.